Taya Limenyoshwa, na Sikio Je?

Munganga anapotengeneza taya la mutu, jamaa wote hutazama meno na uso. Wanafurahi kwa sababu meno yanakutana na chakula kinatafunika. Hakuna anayeuliza juu ya sikio. Mimi nafikiri inapasa kuuliza, tena kabla ya siku ya kupasuliwa.

Sikia namna Mungu alivyoumba mwili. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Kijia chembamba kinatoka humo na kufika nyuma ya pua. Unapomeza mate au kupiga miayo, nyama ndogo za kaakaa, yaani dari ya kinywa, zinakivuta kijia kile, kinafunguka, hewa inaingia. Nalo kaakaa limeshikamana na taya la juu. Basi munganga akikata taya hilo na kulisogeza mbele, anavuta nyama za kijia vilevile, na mahali pale panavimba. (Mistari ambayo taya la juu huvunjika ilielezwa na munganga René Le Fort wa Ufaransa, mwaka wa 1901, hata leo waganga hufuata ule wa chini katika kazi hii.) Kijia kikiziba, hewa ya chumba inapungua, maji yanakusanyika. Mugonjwa anasema, “Sikio limejaa, nasikia kama niko ndani ya mutungi.”

Kwa watu wengi hali hii hupita baada ya majuma au miezi michache. Usiogope. Lakini usitie mafuta ya moto, wala maji ya majani, wala kijiti. Maji yako nyuma ya ngoma. Dawa ya nje haifiki huko. Usipenge pua kwa nguvu mpaka munganga akuruhusu. Sikio likiuma au kutoa usaha, rudi hospitali upesi.

Ninaowawaza zaidi ni wale waliozaliwa na kaakaa lililopasuka. Nyama zao za kijia zina kasoro tangu tumboni mwa mama, na karibu wote hupata maji masikioni wangali wadogo. Kwa wengine taya la juu halikui sawasawa, hata wakiwa vijana wanahitaji kupasuliwa. Kijana wa namna hii asipopimwa masikio kwanza, nani atajua baadaye kama uziwi wake ni wa zamani au wa sasa?

Tena ninyi wazazi na walimu, mutoto huyu akiitwa asijibu, munasema ana kiburi. Wengine wanasema amelogwa. Munamupiga kwa sababu ya maji yaliyo nyuma ya ngoma ya sikio! Simameni nyuma yake, mumwite kwa sauti ndogo, leo na kesho na kesho kutwa. Asipogeuka, mumulete kwetu.