Mtoto anayetibiwa saratani ya damu asiachishwe Septrin

Mzazi mwenzangu, wiki hii nazungumza na wewe ambaye mwanao anatibiwa saratani ya damu.

Kliniki naulizwa mara nyingi: "Daktari, mtoto hana kikohozi, Septrin ya nini?" Dawa ni nyingi, mtoto anazitema, basi mzazi anaacha ile anayoiona ndogo. Kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Dawa za saratani huua seli za ugonjwa, lakini hudhoofisha pia kinga ya mwili. Hapo fangasi aitwaye Pneumocystis, ambaye wengi wetu tumekutana naye utotoni bila kuugua, hupata mwanya wa kushambulia mapafu. Mtoto hupata homa, kikohozi kikavu na kupumua haraka. Baada ya siku chache anaweza kuhitaji oksijeni.

Mwaka 1977, Dkt. Walter Hughes na wenzake wa Memphis, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 160. Kati ya 80 waliopewa dawa bandia, 17 walipata nimonia hiyo. Kati ya 80 waliopewa dawa tunayoiita Septrin, hakupata hata mmoja. Baadaye ilithibitika kwamba siku 3 kwa wiki zinatosha. Ndiyo maana kadi ya mwanao imeandikwa siku maalumu.

Kwa hiyo usiiache kwa sababu mtoto anacheza na kula vizuri. Anacheza kwa sababu amekingwa. Endelea hadi daktari aseme basi, na mara nyingi hiyo ni miezi kadhaa baada ya matibabu ya saratani kwisha. Akitoka vipele, mlete. Zipo dawa mbadala.

Mweke mbali na vumbi la ujenzi, banda la kuku na mtu anayekohoa. Akikaa na mwenye surua au tetekuwanga, tuambie siku hiyo hiyo. Joto likifika nyuzi 38, njoo hospitali hata usiku wa manane. Usimpe panadol ukasubiri kupambazuke.

Nasi madaktari tuna lawama yetu. Tunasema "endelea na dawa" bila kueleza kwa nini. Mzazi, ukitoka chumbani kwangu hujui kila dawa inafanya kazi gani, rudi uniulize. Una haki hiyo.