Kabla Ukubali Kuambiwa Madhabodi Imekufa

Wasee wa 64, kuna sentensi mbili nimechoka kuzisikia. Ya kwanza: "Hii madhabodi imekufa." Ya pili: "Hii tufomati tu." Unabeba kompyuta yako ya mezani hadi tao, inawekwa juu ya meza, inabonyezwa mara moja, na hukumu inatoka kabla hata hujapata mahali pa kukaa.

Msimamo wangu ni huu. Mashine ya zamani ikikataa kuwaka vizuri, usikubali dawa yoyote kabla mtu akuonyeshe ugonjwa. Na fundi akikuonyesha, mlipe kwa hiyo kazi, hata kama hajabadilisha kitu chochote. Hayo mawili yanaenda pamoja, na nitaeleza mbona.

Hizi mashine si takataka. Zile Dell OptiPlex na HP Compaq za ex-UK ndizo zinabeba saiba za Langas na Huruma, studio za muziki za chumba kimoja, na sisi tunaohariri video bila pesa ya laptopu mpya. Mashine ya saiba ikilala wiki ya mwisho ya Juni, wakati kila mtu anakimbizana na ritani za KRA kabla ya tarehe 30, hiyo ni kodi ya nyumba imepotea. Si mchezo.

Sasa, mashine huamka kwa hatua. Stima inaingia kwa pawa saplai, bodi inajikagua, picha inatokea kwa skrini, diski inatafutwa, halafu Windows inapanda. Swali la maana ni moja: imekwama hatua gani?

Ikiwa imenyamaza kabisa, hakuna feni wala taa, anzia upande wa stima. Jaribu soketi nyingine, kebo nyingine, angalia ile swichi ya nyuma. Pawa saplai zingine za kitambo zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Stima yetu ni ya volti 240, kwa hivyo kikae 230. Ukikisukuma 115 utasikia mlio na harufu, na hapo sasa utakuwa na shida ya ukweli. Pawa saplai yenyewe usiifungue, maana ndani hubaki stima hata baada ya kuchomoa. Ikiwa imeungua hubadilishwa nzima, na mara nyingi bodi yako bado iko poa.

Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi? Kwanza hakikisha monita imechomekwa penye inafaa. Kama mashine ina kadi ya picha, kebo iende kwa hiyo kadi, si kwa bodi. Halafu geukia RAM. Zima, chomoa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili stima iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha. Toa RAM, sugua yale meno ya dhahabu polepole kwa rababa ya shule, rudisha moja moja hadi usikie "tak". Anayeishi mtaa wa barabara ya murram anajua vumbi la Januari linavyoingia hadi ndani ya sufuria. Ndani ya kompyuta pia linaingia.

Na uisikilize. HP nyingi za zamani hulia mara tano huku taa nyekundu ikimetameta mara tano, na hapo ni RAM inalalamika. OptiPlex nyingi zina vitaa vya mbele vyenye namba 1 hadi 4, na jinsi vinavyowaka ni ujumbe. Mashine inakuambia penye inaumwa. Mtu anayetoa hukumu bila kuangalia hizo taa hajaanza kazi.

Lakini kesi inayoniuma zaidi ni ya betri. Kwenye bodi kuna betri bapa kama sarafu, inaitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kushika saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina stima. Ikizeeka, saa inarudi nyuma miaka, na kila asubuhi unaambiwa ubonyeze F1. Watu wengi hubonyeza tu na kuendelea. Baadaye tovuti kama eCitizen inagoma kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa tarehe ya mashine yako. Mtu analaumu intaneti, kumbe ni saa.

Kuna mbaya zaidi. Betri ikiisha, BIOS inaweza kurudia mipangilio ya kiwandani, pamoja na njia ya kuongea na diski. Kama Windows iliwekwa kwa njia ya AHCI na BIOS imerudi RAID au IDE, Windows inaweza kupanda nusu, skrini inakuwa ya buluu, inajizima, inaanza tena, hivyo hivyo hadi uchoke. Kwa mtu mwenye haraka, hiyo ni Windows imeharibika. "Tufomati." Picha za harusi ya mathe, biti za miaka mitatu, hesabu za chama, zote zinafutwa kwa sababu ya betri ya bei ya chai na chapati na mpangilio mmoja ndani ya BIOS.

Kwa hivyo shika hii: faili kwanza, fomati baadaye. Windows kukataa haimaanishi faili zimeenda. Weka Linux Mint, ambayo ni ya bure, kwa flashi, washa mashine kutoka hapo, nakili vitu vyako kwa diski nyingine. Ila diski ikigonga "tik, tik, tik", zima mara moja na uitoe. Kila dakika inayozunguka inaweza kuharibu zaidi. Hakuna digrii hapa. Mimi niliacha uni, na haya yote yamehitaji bisibisi moja na subira.

Najua kuna mtu atasema, "Si mashine ni mzee, na Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025?" Kweli, na nyingi za hizi haziruhusiwi rasmi kuingia Windows 11. Lakini kustaafisha mashine ni uamuzi wako, na unafaa kuufanya ukiwa na ukweli. Usistaafishwe na uvivu wa mtu.

Sasa turudi kwa fundi, kwa sababu simtetei wala simchukii. Fundi akikaa saa nzima akatafuta, akapata kebo ya diski imelegea, akaichomeka, mteja anamwambia, "Si umesukuma waya tu?" na anampa soo kwa hasira. Lakini akisema bodi imekufa, mteja huyo huyo analipa maelfu bila swali. Tumekubali biashara ambapo ukweli haulipi na kipuri kinalipa. Halafu tunashangaa mbona kila mashine inahitaji kipuri.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa na habari anazohitaji ili afaidike nayo. Hiyo haki haikomi kwa mlango wa supamaketi. Iko hata kwa kibanda cha fundi. Lakini habari ni kazi, na kazi inalipwa. Kubalianeni bei ya kuangalia kabla afungue kasha.

Halafu uliza matatu. Imekwama hatua gani? Umejaribu nini hadi ukajua? Kilichoharibika kiko wapi, nikione na nikibebe?

Akijibu yote matatu, mpe pesa yake na heshima yake, na umtumie wateja. Akianza kukasirika, funga kasha, beba mashine yako, uende.