Hiyo "bajeti" ni ya nani?

Wasee, tuambiane ukweli. Kila video ya "kambi ya bei nafuu" mlimani inaanzia Nairobi, baiskeli ya laki mbili imefungwa juu ya Prado. Nafuu kwa nani? Mwaka jana hata mimi nilipost uongo kama huo. Baiskeli ilikuwa ya kuazima. Kijana wa hapa Isiolo akaniandikia: "Kumbe mlima si wetu." Inaniuma mpaka leo.

Sasa sikiza. Msitu wa Ngare Ndare uko hapo tu juu, upande wa Timau. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na Mlima Kenya mwaka wa 2013, na baiskeli na kambi zinaruhusiwa. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, Timau imepita 2,000. Unapanda hiyo yote kwa pedali ukitafuta nini? Funga baiskeli yako ya mtumba kwenye keria ya matatu, urudi ukiteremka. Breki tu usicheze nazo, hiyo barabara ina malori. Hema azimeni, mlale watatu, baridi ya huko haina huruma. Sufuria na unga omba kwa mama.

Pa kutobania ni pamoja: kiingilio na askari wa msitu wa kuwasindikiza. Ndovu hupita humo wakielekea mlimani, na ndovu hajali una followers wangapi.

Na nyinyi wenzangu wa kamera, mkipost tena "bajeti", wekeni risiti.