Utelezi Mlangoni

Katika nchi za baridi watu hukwangua barafu njiani wasije wakaanguka. Sisi wa Nassa barafu hatuna, lakini mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa mbuga, utelezi ni ule ule. Bibi akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena.

Basi, anza na njia ya chooni, maana huko huendwa hata usiku. Kwangua tope kwa jembe mpaka penye udongo mgumu. Chimba mfereji kando, maji yapite. Kisha mwaga changarawe, uishindilie. Majivu hayafai; yakilowa huwa tope. Mama atokaye ziwani na ndoo kichwani haoni akanyagapo, mtengenezee njia.