Vimulimuli na Vinzi Machoni: Tusingoje Pazia Lishuke

Wapo wazee wetu ambao, wakitazama ukuta mweupe wa msikiti au anga la asubuhi, huona vidoa vyeusi vikielea mfano wa nzi au nyuzi za buibui. Wengine gizani huona mimuliko pembeni mwa jicho, kama radi isiyo na ngurumo. Tumeona vyema wiki hii tulieleze jambo hili, kwani kwa wengi halina madhara, na kwa wachache ni dalili ya jicho linalokaribia kupofuka.

Ndani ya jicho mna ute mzito, mwangavu, ambao karibu wote ni maji. Nyuma yake limetandazwa pazia jembamba liitwalo retina, ndilo lipokealo mwanga. Umri ukisonga, hasa baada ya miaka 50, ute huo hunywea na kujitenga na retina. Mafundo yake hutupa vivuli, navyo ndivyo vile vinzi. Unapoivuta retina, yenyewe haijui maumivu. Inajua mwanga tu, ndipo mtu huona mmuliko.

Aghalabu mambo huishia hapo. Lakini mvuto huo waweza kuichana retina, maji yakapenya, nayo ikabanduka kama chokaa ukutani. Kwa kuwa haiumi, mgonjwa huona hana haraka.

Walio hatarini zaidi ni wazee, wasioona vizuri mbali, waliopasuliwa mtoto wa jicho na waliopigwa jichoni. Hawa wa mwisho tunao wengi katika machimbo ya Geita na Shinyanga, ambako nyundo na karasha hurusha vipande vya mawe. Kijana aliyepigwa na jiwe kisha akaona mimuliko asijione salama kwa sababu ya umri wake. Kipande kikiwa kimezama, asikichomoe wala asifikiche. Alifunike jicho bila kuligandamiza, aende hospitali.

Lipo zito zaidi. Mikoa yetu imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali moshi wa jikoni wa miaka mingi watosha kuyafanya mekundu. Basi bibi akisema anaona nzi na radi, tusikimbilie kutamka uchawi wala majini. Kumsomea dua ni jambo jema, lakini kisomo hakizuii safari ya hospitali.

Tufanye hivi: tufunike jicho moja kwa zamu, tupime kila moja linaonaje. Vidoa vya siku nyingi visivyobadilika vyaweza kungoja miadi ya kawaida. Lakini vikizuka ghafla vingi, mimuliko ikianza, kivuli kikitanda kutoka pembeni, au nuru ikipungua, twende siku hiyo hiyo. Tuanzie hospitali ya mkoa, tuombe rufaa kwa daktari bingwa wa macho, kama wale wa Bugando, Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Geita hangoji tena kivuko.

Mpasuko ukiwahiwa huzibwa kwa miali ya leza au kwa kugandishwa. Retina ikishabanduka, hapana dawa ya matone wala mitishamba ya kuirudisha. Ni upasuaji tu, na kila siku inayopita yaweza kuondoka na sehemu ya nuru isiyorejea.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya wazee wetu. Amin.