Ngome Zisizo na Kuta: Wito kwa Watunzi wa Riwaya ya Kihistoria

Hadithi ya ngome ya jamii ya siri inayozingirwa na jeshi kubwa ni mojawapo ya hadithi zinazopendwa mno duniani. Wasomaji huijua sura yake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza: jabali refu, malango mazito, watu wachache waliokula kiapo, na adui asiyehesabika bondeni. Riwaya, filamu na michezo ya kompyuta imeirudia mara nyingi, na vijana wanaojifunza utunzi kwa Kiswahili nao huiiga. Si ajabu mwanafunzi aliyezaliwa Kitui au Makueni kutunga kisa chenye minara ya mawe, mashujaa waliopanda farasi na theluji inayoanguka, ilhali nyumbani kwao vuli ikikosa kunyesha ndiyo habari kuu ya mwaka. Je, mtunzi huyo amekosea?

Ugeni wa mandhari peke yake hauna hatia. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate, akasimulia vita vya Waarabu na Warumi wa Herekali, vita vya zamani na vya mbali. Utendi huo haukuwa mgeni kwa wasikilizaji wake, kwa kuwa lugha, bahari na imani vilikuwa vyao. Kwa mantiki hiyo, mtunzi wa leo ana haki ya kwenda apendako. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: anaposimulia mazingiwa, amesimama upande gani wa ukuta?

Chimbuko mojawapo la hadithi hizi linatoa funzo. Mwaka 1090 Hassan-i Sabbah, kiongozi wa Waismailia wa Nizari, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini mwa Uajemi. Wafuasi wake waliishi humo na katika ngome nyingine kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi Wamongolia wa Hulagu walipowashinda mwaka 1256. Katika msafara wa Hulagu alikuwamo mwanahistoria Juvayni. Alipewa ruhusa ya kukagua maktaba ya Alamut. Akahifadhi misahafu na vitabu alivyoviona vina manufaa, kisha akavichoma vile alivyoviona vya upotofu. Sehemu kubwa ya yale ambayo ulimwengu uliyajua baadaye kuhusu ngome hiyo yalitoka katika kalamu ya mtu aliyeitia moto maktaba yake. Marco Polo naye alisimulia habari za bustani ya siri na vijana waliolevywa ilhali ngome ilikuwa imekwisha kuanguka. Kutokana na simulizi za namna hiyo, Vladimir Bartol alipata riwaya yake Alamut mwaka 1938, na watengenezaji wa mchezo wa Assassin's Creed wakapata mali ghafi mwaka 2007. Ajabu ni kwamba Waismailia wa Nizari bado wapo, na Afrika Mashariki inawafahamu vyema kama wafuasi wa Aga Khan. Jamii hai ilibaki ikizungukwa na hadithi iliyotungwa na wengine.

Hapana haja ya kusafiri hadi Uajemi ili kukutana na hali hiyo. Ukambani nako kulikuwa na ngome, ingawa hazikujengwa kwa mawe yaliyochongwa. Vilima vya Mbooni, vilivyo katika Makueni ya leo, viliwapa Wakamba wa awali maji, rutuba na kinga dhidi ya wavamizi wa nyikani. Mwamba wa Nzaui, kwa mujibu wa mapokeo, ndipo Mulungu alipowashusha watu wa kwanza. Karibu na mji wa Kitui, jiwe la Nzambani linasimuliwa kuwa hubadilisha jinsia ya mtu anayelizunguka mara saba. Haya ni majabali yenye hadithi zake tayari. Hayasubiri kuazimwa mnara.

Fauka ya hayo, palikuwa na ithembo, yaani kichaka kitakatifu ambamo sadaka za mvua zilitolewa. Miti yake haikukatwa. Mambo yake yalikuwa mikononi mwa wazee waliopanda daraja hadi kufikia daraja hiyo, nao walikula mbuzi wengi wa ada njiani. Jando nalo lilikuwa na ngazi zake. Katika jando kuu vijana walipambana na mafumbo yaliyochongwa kwenye fimbo, na ngazi ya juu zaidi ilifungwa kwa siri kubwa. Basi, jamii ya siri ilikuwapo, viapo vilikuwapo, na ngome ilikuwapo. Kuta zake zilikuwa miiko.

Mazingiwa nayo yalikuja. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi ilipotengwa mwaka 1992, na huko Machakos ndiko Kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ilikoweka boma lake mwaka 1889. Historia inayofundishwa katika shule za Kenya inaeleza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890 mti wa ithembo ulikatwa ili kupata mlingoti wa bendera ya boma hilo. Inamtaja pia Nzibu Mweu, aliyewahimiza watu wasiwauzie chakula watu wa Kampuni. Mtunzi atafute wapi taswira yenye uzito kuliko hiyo? Mlinzi wa kichaka anautazama mti wa sadaka ukiwa umesimama tena, umechongwa majani yote, unapeperusha kitambaa cha mgeni. Jirani yake anabana gunia la mtama lisifike bomani. Wenye ngome ya miiko wamezingirwa, nao wanaizingira ngome ya bunduki kwa njaa.

Lakini nani aliyeandika? Hobley, afisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1910. Lindblom, msomi wa Uswidi, alifuata na kitabu kikubwa zaidi mwaka 1920. Mgala muue na haki yake mpe: bila kazi zao, mengi yangepotea, na Lindblom hasa alisikiliza kwa makini. Hata hivyo, walisimama nje ya kichaka. Waliandika kilichotendwa, hofu ya aliyekitenda, shaka yake na mzaha wake havikuwa kazi yao. Hapo ndipo pengo la riwaya lilipo.

Wapo watakaopinga. Baadhi watasema mambo ya Wakamba yasimuliwe kwa Kikamba. Jibu limo katika maisha ya Aniceti Kitereza, aliyeandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Ukerewe haikupungua, na Kiswahili kilitajirika. Wengine watahofia kwamba kuandika kuhusu ithembo ni kurejesha ibada ambazo Wakristo wengi wa Ukambani wameziacha. Ebrahim Hussein hakumtaka msomaji wa Kinjeketile (1969) aamini maji. Alimtaka aone jinsi imani inavyowaunganisha watu na jinsi inavyoweza kumponyoka aliyeianzisha. Fasihi humweka msomaji mbele ya imani bila kumbatiza ndani yake.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya siri yenyewe. Je, mtunzi ana haki ya kuyaanika yaliyofichwa? Hapa riwaya ina uwezo ambao ripoti ya mtafiti haina. Mtafiti asiyefichua hana cha kuchapisha, ilhali mtunzi anaweza kumfikisha msomaji hadi ukingoni mwa kichaka, akamwonyesha uso wa mzee anayetoka, na kuyaacha maneno ya ndani mahali pake. Siri iliyoheshimiwa huipa hadithi mvuto.

Muda, hata hivyo, haumsubiri mtunzi. Wazee waliosimuliwa na babu zao habari za mathembo wanapungua mwaka hadi mwaka. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Kitui na Makueni hurudi nyumbani kila likizo wakiwa na kalamu, na kazi ya nyanjani katika kozi ya fasihi simulizi huwapa sababu ya kuuliza. Wahadhiri wangefanya jambo jema wakiruhusu sehemu ya kazi hiyo iwasilishwe kama hadithi ya kihistoria, na vyama vya Kiswahili vikitenga kurasa za kuzichapisha. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Anayependa minara ya mbali aendelee kuijenga; lakini kabla ya kuijenga, na amuulize nyanya yake ni kichaka kipi kijijini ambacho watoto walikatazwa kuokota kuni.