Siku Kumi Ulaya, Maneno ya Miaka Kumi

Mtu akirudi kutoka Ubelgiji, mtaa mzima hukusanyika kwake. Viti huazimwa kwa jirani, chai huchemshwa, naye husema mpaka usiku. Hayo si mabaya. Ubaya waanza pale mtu aliyekaa huko siku kumi anapotuhukumia nchi nzima, nasi tukayapokea maneno yake kama karatasi yenye muhuri wa serkali.

Wasemaji hao ni wa namna mbili. Wa kwanza husema: Kule pesa zinatoka ukutani, barabara zinang'aa, mashine inafanya kila kazi. Wa pili husema: Kule watu wamekufa moyo, hawasalimiani, na wazee wao wamewatupa katika nyumba za wazee. Hawa wawili hubishana sana, na sisi twadhani mmoja wao lazima awe na haki. Mimi nasema wote wawili wana kosa lile lile: wametazama juma moja, kisha wakafunga macho.

Tuchukue jua tu, kitu kisicho na siasa. Kwetu Bukavu linachomoza karibu saa 12 asubuhi na kutua karibu saa 12 jioni, mwaka mzima. Kule Brussels, mwezi wa Juni, linatua saa 4 usiku. Watu wamekaa nje mbele ya mikahawa, watoto bado wanacheza. Mwezi wa Desemba linachomoza saa 3 kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa 11 jioni limekwisha kutua. Mtu anakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Nimefika huko mara mbili, mara ya kwanza Juni, mara ya pili Desemba, na isipokuwa majina ya vituo, hungesema ni nchi moja. Mgeni wa Juni anarudi na kusema Wabelgiji ni watu wa furaha. Mgeni wa Desemba anasema wamenuna. Nani kati yao ameiona Ubelgiji?

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo maneno ya wasafiri yanavunja nyumba za watu. Ile mashine ya ukutani haitoi ila kilichowekwa. Na kabla mfanyakazi hajaushika mshahara wake, hukatwa 13.07 kwa mia kwa ajili ya bima ya jamii. Halafu kodi, ambayo, mbali na sehemu ndogo isiyotozwa, huanza na 25 kwa mia na kupanda mpaka 50. Kinachobaki kinalipa nyumba, umeme, na moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi. Msafiri aliona mashine; karatasi ya mshahara hakuiona, kwani hakuna mtu anayemwonyesha mgeni karatasi hiyo.

Matokeo yake ni nini? Mama anampigia simu mwanawe aliyeko Liège: "Fulani amerudi, ametueleza yote. Kumbe wewe ni mchoyo tu!" Na mwana huyo anafagia maofisi usiku, analala mchana, na haya inamzuia asimwambie mama yake. Mahali pengine baba anauza shamba ili kijana mwingine naye aende kwenye ukuta unaotoa pesa. Shamba likiuzwa limeuzwa. Yule msemaji wa siku kumi hatalirudisha.

Sasa yule wa pili, anayesema wamekufa moyo. Ile 13.07 kwa mia inakwenda wapi? Pamoja na fedha za waajiri na za serkali, inakwenda kwa mgonjwa, kwa asiye na kazi, kwa mzee aliyestaafu. Wabelgiji waliuweka mpango huo kwa amri ya tarehe 28 Desemba 1944, vita ingali haijaisha. Sisi tukifiwa au tukiuguliwa, twapitisha sahani, kila mtu anatia alichonacho. Wao mchango umekwisha kukatwa kabla. Yule mtu asiyekusalimu ndani ya tramu amesaidia kununua dawa za jirani yake asiyemjua hata jina. Sisemi kwamba hiyo yatosha. Wako wazee wanaokufa peke yao huko, na siku zinapita bila mtu kujua, na jambo hilo latisha. Lakini aliyeona moja tu asituambie ameona yote.

Wengine wanalalamika kwamba jioni walipewa mkate na jibini, wakahesabu kuwa wamedharauliwa. Katika nyumba nyingi za huko chakula cha moto kinapikwa mara moja tu kwa siku. Mlo mwingine ni mkate. Mwenye nyumba naye alikula mkate ule ule. (Najua, tumbo letu linauliza bugali. Hiyo ni shauri la tumbo, si ushahidi.)

Au mtu anafika Leuven, anauliza njia kwa Kifaransa, anajibiwa kwa maneno mawili, tena kwa Kiingereza. Papo hapo anasema: ni kwa sababu ya ngozi yangu. Pengine ni kweli, kwani ubaguzi uko, na ndugu zetu wanaotafuta nyumba ya kupanga huko wanaujua vema. Lakini mzungu wa Liège naye anaweza kujibiwa hivyo hivyo Leuven. Ugomvi wa lugha ni mkali: mwaka 1968 ulivunja serkali na kukigawa chuo kikuu cha Leuven, na wasemaji wa Kifaransa wakajengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve. Hata vituo vya gari la moshi vina majina mawili: Luik ndiyo Liège, Bergen ndiyo Mons. Mgeni asiyejua hilo anapitwa na gari, kisha anarudi kwetu kusema walimdanganya.

Sisi Wakongomani ndio tungekuwa wa kwanza kuukataa ushahidi wa namna hii. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alileta watu wetu 267 Tervuren, karibu na Brussels, wakatengenezewa vijiji kando ya ziwa dogo. Watu zaidi ya milioni moja walipita kuwatazama, na bila shaka wengi walirudi kwao wakisema: Kongo nimeiona. Saba wetu walifia huko. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Na baadaye ni wazungu wangapi waliopita kwetu kwa meli, wakaona watu wamekaa kivulini saa 7 mchana, wakaandika kwamba sisi ni wavivu? Hawakuwaona mama zetu wakienda shambani alfajiri, kwa sababu saa hiyo wao walikuwa wamelala. Tulikasirika kwa haki. Leo twawafanyia wengine jambo lile lile, na kulisifu kama hekima ya msafiri.

Basi msafiri akirudi, tumwulize. Ulifika mwezi gani? Ulilala kwa nani, naye anaamka saa ngapi? Ni nani aliyekuonyesha karatasi ya mshahara wake? Uliketi na mzee hata mmoja katika zile nyumba za wazee, au uliziona kwa dirisha la gari tu? Akijibu, tumsikilize hata usiku kucha. Akikasirika, tumpe chai yake, tuzungumze habari za mvua.